Somo la 9: Mtoto Aliyemtafuta Ndugu Yake

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 28:3–25, Mhubiri 9:5, 6, 10, Ayubu 14:10–15, Isaya 8:19, 20, Yohana 11:1–44, Matendo 9:36–42.

Fungu la kukariri: 1 Wathesalonike 4:13, 14. Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake mwenyewe.

Marcus na Jason ni mapacha wanaofanana, watoto wa London. Mama yao amefungwa na dawa za kulevya, na wao wawili wamezoea kumficha machoni pa maofisa wa ustawi wa jamii. Jason, aliyetangulia kuzaliwa kwa dakika chache, ndiye msemaji, Marcus humfuata. Siku moja Jason anatumwa duka la dawa kuchukua dawa ya kumsaidia mama kuacha uraibu. Njiani vijana wanamvamia wakitaka simu yake, anakimbilia barabarani, na gari linamgonga. Anakufa hapo hapo. Mama anapelekwa kwenye matibabu, Marcus anapelekwa kwa walezi asiowajua, na kitu anachobaki nacho cha ndugu yake ni kofia. Anaivaa kila aendako.

Hadithi hii ni sehemu ya filamu iitwayo Hereafter, jina lenye maana ya maisha ya baada ya kifo. Iliandikwa na Mwingereza Peter Morgan na kuongozwa na Mmarekani Clint Eastwood, aliyekuwa na umri wa miaka 80 ilipotoka mwaka 2010. Pamoja na Marcus wamo watu wengine wawili: George, mfanyakazi wa kiwandani huko San Francisco ambaye akimshika mtu mikono husikia sauti za wafu wake; na Marie, mtangazaji wa televisheni wa Ufaransa anayezama katika tsunami ya Desemba 2004 na kurudishwa kwenye uhai. Mwishoni wote watatu wanakutana London.

Wapo washiriki wasiotazama filamu kabisa, na somo hili haliwaombi waanze. Linaichukua hadithi hii kwa sababu swali la Marcus ni swali la kweli, nalo huulizwa katika kila msiba: Yuko wapi? Ananiona? Naweza kusema naye? Jibu ambalo filamu inampa mtoto huyu ni tamu sana. Juma hili tutalipima kwa Neno, na pia tutaupima uchangamfu wetu sisi tulio na Neno.

JUMAPILI
Kofia na Kanzu

Soma Matendo 9:36–39. Wajane wa Yafa walimfanyia nini Petro alipofika chumbani?

Dorkasi amekufa, ameoshwa, amelazwa orofani. Petro anapoingia, wajane wanamzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa hai. Tujiulize: Petro alihitaji kuonyeshwa nguo? Hapana. Wao ndio waliohitaji kumwonyesha mtu. Mikono iliyoshona haisogei tena, lakini mshono upo, unashikika. Luka hasemi kwamba Petro aliwakemea, wala kwamba aliwaeleza kwanza hali ya wafu. Aliwaacha waonyeshe, ndipo akawatoa nje na kupiga magoti.

Marcus na kofia yake wangeeleweka Yafa. Daudi angemwelewa pia, yeye aliyepanda chumba cha juu ya lango akimlilia Absalomu (2 Samweli 18:33). Naye Bwana wetu, aliyejua kwamba baada ya dakika chache Lazaro angetoka kaburini, alilia machozi hata hivyo. Huzuni si upungufu wa imani. Paulo hawakatazi Wathesalonike kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kwa namna ya watu wasio na tumaini.

Katika filamu, Marcus anatafuta majibu kwenye intaneti, na wahubiri anaowakuta humo hawamshiki hata kidogo. Wana maneno tayari kabla hawajamsikia. Hapa inafaa tukiri jambo. Sisi Waadventista tunalijua fundisho la hali ya wafu vizuri, na pengine tunalijua vizuri kupita kiasi. Wapo kati yetu wanaofika msibani na kuanza kufafanua Mhubiri 9:5 hata kabla turubai halijafungwa, kana kwamba mfiwa ni mwanafunzi aliyekosea jibu. Fundisho ni la kweli. Lakini likitamkwa mapema na kwa sauti ya ushindi, masikio ya mfiwa huliona kuwa mlango unaofungwa. Naye akifungiwa mlango huo, atabisha mwingine.

Umewahi kumwona mfiwa akihifadhi nguo, kikombe au namba ya simu ya marehemu? Ulimwambia nini?

JUMATATU
Usiku wa Endori

Marcus anabisha milango mingine. Anachukua fedha za walezi wake bila ruhusa na kwenda kwa waaguzi mmoja baada ya mwingine. Mmoja baada ya mwingine ni tapeli. Filamu yenyewe inawaonyesha hivyo waziwazi. Mwishowe anamkuta George, anasimama nje ya hoteli yake kwenye baridi mpaka George anakubali, na huyu ndiye filamu inayemwonyesha kuwa wa kweli.

Soma 1 Samweli 28:3–20. Nani alimwona yule aliyepanda kutoka ardhini? Sauli alimjuaje kuwa ni Samweli?

Fungu la 14 lisomwe polepole. Mwanamke ndiye aliyeona. Sauli aliuliza: unaona nini, ana umbo gani? Akaambiwa ni mzee aliyevaa joho. Kwa neno hilo moja, joho, Sauli akatambua kuwa ni Samweli na kuinama hadi chini. Kwa nini joho lilimtosha? Rudi 1 Samweli 15:27, 28. Siku Samweli alipogeuka kumwacha, Sauli alishika upindo wa vazi lake ukararuka, naye nabii akalifanya pande lile kuwa ishara ya ufalme unaoraruliwa. Vazi hilo Sauli hakulisahau maisha yake yote. Mtu yeyote aliyetaka kumshika Sauli, alipaswa tu kulitaja vazi.

Sasa turudi kwenye chumba cha hoteli. George anamshika Marcus mikono na kusema kwamba Jason anataka aivue ile kofia. Kwamba ni yeye Jason aliyeiangusha katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, siku Marcus alipochelewa kupanda kwa kuifuata, na treni ile ikalipuka. Kisha George anasema Jason anaondoka. Mtoto analia, anamsihi ndugu yake asimwache. George ananyamaza kidogo, halafu anasema Jason amerudi, na anatoa maneno ya faraja. Je, alirudi kweli, au mtu mwema alimhurumia mtoto akamtungia maneno? Filamu haisemi. Marcus naye hana njia ya kujua. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, na watengenezaji wa filamu wameionyesha pengine bila kukusudia: mtoto mwenye kiu kiasi hicho hawezi kutofautisha sauti ya ndugu yake na sauti ya mgeni mwenye huruma. Je, angeweza kuitofautisha na sauti ya roho isiyo na huruma?

Kuhusu Endori, wapo Wakristo wanaosema kwamba Samweli halisi alitokea, kwa kuwa andiko linamwita kwa jina lake. Lakini mwandishi anasimulia kama yule mwanamke na Sauli walivyoamini. Mwenendo wa sura nzima unakataa. Bwana alikuwa amekataa kumjibu Sauli kwa ndoto, kwa Urimu na kwa manabii (fungu la 6). Je, angemjibu kwa njia ambayo Yeye mwenyewe ameiita chukizo (Kumbukumbu la Torati 18:10–12)? Na yule aliyepanda alimwambia Sauli kwamba kesho yeye na wanawe wangekuwa pamoja naye. Nabii mtakatifu na mfalme aliyekataliwa, mahali pamoja? Zaidi ya hayo, ujumbe ule haukumwita Sauli kutubu hata kidogo. Ulimvunja nguvu tu, akaenda Gilboa akiwa amekwisha kushindwa. 1 Mambo ya Nyakati 10:13, 14 yanataja jambo hili kuwa mojawapo ya sababu za kufa kwake.

Wengi hudhani kazi yetu ni kuthibitisha kwamba waaguzi ni matapeli. Baadhi ni matapeli, naam. Lakini Biblia haisemi kuwa hakuna kitu upande wa pili wa mlango ule. Inasema aliyepo si marehemu (2 Wakorintho 11:14, Ufunuo 16:14).

Nasi hatuhitaji kusafiri hadi London kuyaona haya. Yupo anayeitwa kupiga ramli baada ya mazishi ili amtaje aliyeua. Lipo tambiko la kumtuliza marehemu aliyeonekana ndotoni akidai. Na siku hizi yupo nabii wa kwenye simu anayeanza kwa kutaja rangi ya nguo ya mama yako aliyefariki. Joho lile lile.

Kabla ya kuiacha sura hii, tazama mafungu ya 21–25. Sauli hakuwa amekula mchana kutwa wala usiku kucha. Yule mwanamke alimsihi ale, akachinja ndama, akakanda unga, akaoka mikate. Katika usiku ule wote, tendo pekee la upole alilofanyiwa mfalme ni chakula, nacho alikipata Endori. Kwa nini hakuna aliyemlisha mapema, huko kambini kwake?

JUMANNE
Mwanga Alioona Marie

Marie yuko likizoni pwani mawimbi yanapofika. Anapigwa, anazama, anaona mwanga na vivuli vya watu, kisha anazinduliwa. Akirudi Paris hawezi tena kuelekeza moyo kazini. Anaanza kuandika kitabu juu ya alichokiona, na watu waliomheshimu wanamwona amepotoka.

Maafa yale hayakuwa ya kubuni. Tarehe 26 Desemba 2004 zaidi ya watu 200,000 walikufa kando ya Bahari ya Hindi, na mawimbi yalifika hadi Somalia, Kenya na Tanzania na kuua huko pia. Machi 2011, filamu hii ikiwa bado inaonyeshwa Japani, tsunami nyingine ya kweli iliipiga nchi hiyo, nayo filamu ikaondolewa katika majumba ya sinema. Msiba ulio hai hautaki kuigizwa.

Simulizi kama za Marie ni nyingi tangu mwandishi Mmarekani Raymond Moody alipotoa kitabu chake juu yake mwaka 1975. Tusiwaite wasimulizi waongo. Wengi wao wanasema kwa uaminifu waliyoyaona. Lakini mtu aliyekaribia mlango si mtu aliyeingia. Ubongo unaokosa hewa bado ni ubongo wa mtu aliye hai.

Soma 1 Wafalme 17:17–24, Luka 7:11–17, Yohana 11:38–44. Waliofufuliwa waliripoti nini kuhusu mahali walipokuwa?

Mwana wa mjane wa Sarepta, mwana wa Mshunami, kijana wa Naini, binti Yairo, Lazaro, Dorkasi, Eutiko: hakuna hata neno moja lililoandikwa kutoka vinywani mwao juu ya walichokiona. Lazaro alikuwa kaburini siku nne. Watu walikuja Bethania ili kumwona (Yohana 12:9), na bila shaka walimuuliza. Kama angekuwa na habari za mbinguni, je, Yohana angeziacha? Linganisha na Zaburi 146:4.

JUMATANO
Wakati Nyumba Zilipojaa Maombolezo

Mwezi Machi 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, dada wawili wadogo, Margaret na Kate Fox, walisema kwamba wanajibiwa na roho ya mtu aliyekufa kwa njia ya kubisha. Kutoka nyumba ile, imani ya kuongea na wafu ilienea Marekani na kuvuka hadi Ulaya. Mwaka 1888 Margaret alisimama mbele ya watu New York akaonyesha jinsi walivyotoa sauti zile kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata akayakana maungamo yake. Cha ajabu ni kwamba imani ile haikutikisika sana. Ilikuwa imekwisha kupata chakula chake, yaani nyumba zenye vitanda vitupu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, iliua watu zaidi ya 600,000. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, Sir Oliver Lodge, alimpoteza mwanawe Raymond, aliyeuawa vitani mwaka 1915. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha ujumbe alioamini umetoka kwa mwanawe. Huyu hakuwa mjinga. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa elimu ya redio. Alikuwa baba.

Ndani ya miaka hiyo hiyo, Ellen White alizika watoto wawili. Desemba 1860 alikufa mtoto wake mchanga, Herbert, ambaye hakuwa ametimiza miezi mitatu. Desemba 1863 alikufa mzaliwa wake wa kwanza, Henry, akiwa na miaka 16. Waliokuwa wakiwaita wafu kwa ajili ya akina mama hawakuwa wachache nchini mwake. Wengine husoma maonyo yake dhidi ya umizimu na kudhani yaliandikwa na mtu mwenye moyo mgumu. Yaliandikwa na mama ambaye angeweza kwenda, na hakwenda.

Soma Isaya 8:19, 20. Isaya anauliza swali gani kuhusu walio hai na wafu? Kwa nini sheria na ushuhuda ni salama kuliko sauti, hata sauti tunayoipenda?

ALHAMISI
Jason Yuko Wapi?

Turudi kwenye kile kituo cha treni. Filamu inajengwa juu ya mashambulizi ya kweli ya London ya tarehe 7 Julai 2005, yaliyoua watu 52. Kama Jason aliiangusha kofia ili Marcus aokoke, basi wale 52 hawakuwa na wafu waliowapenda? Hakuna bibi aliyekufa, hakuna baba, hakuna mke aliyetangulia? Faraja ya Marcus inakuwa tuhuma juu ya marehemu wa wengine wote. Ndivyo ilivyo kila tunapowapa wafu kazi ya kutulinda. Siku mabaya yanapotupata, tunabaki kuuliza kwa nini mama alinyamaza.

Soma Mhubiri 9:5, 6, 10 na Ayubu 14:10–15. Ni jambo gani Ayubu analingoja, na Mungu anatamani nini?

Wengi huishia fungu la 12 la Ayubu 14, kwamba mwanadamu hulala asiamke mpaka mbingu zitakapotoweka. Endelea hadi 15. Ayubu anaomba afichwe kaburini, awekewe wakati, akumbukwe. Kisha anasema Mungu ataita naye ataitika, kwa kuwa Mungu ataitamani kazi ya mikono yake. Si Marcus peke yake anayemkosa Jason. Yupo mwingine anayemkosa.

Hapo ndipo usingizi unapokuwa habari njema kwa mtoto kama huyu. Jason hamwoni mama akipelekwa. Hamwoni ndugu yake akiiba fedha za nauli, akitapeliwa na watu wazima, wala hasumbuki kwamba hawezi kumshika mkono. Kwake yeye, kati ya ile barabara na sauti ya Bwana hakuna usiku hata mmoja. Wanaosema kwamba wafu wanatuona hudhani wanatufariji. Hebu waufikirie upande wa anayeona.

Wazazi na walimu wa watoto wazingatie jambo moja dogo. Mtoto akiambiwa kwamba ndugu yake amelala, na habari ikaishia hapo, huenda akaogopa kufumba macho usiku. Mwambieni kwanza nani atamwamsha. Yesu hakusema tu kwamba Lazaro amelala. Katika sentensi hiyo hiyo alisema anakwenda kumwamsha (Yohana 11:11).

Tazama pia utaratibu wa Yesu Bethania. Martha alikuja na fundisho, akapewa fundisho, tena lenye Mtu ndani yake: ufufuo na uzima ni Yeye (mafungu ya 21–27). Mariamu alikuja na maneno yale yale ya Martha, neno kwa neno, lakini alianguka miguuni akilia. Yesu hakumrudia hotuba. Aliuliza amelazwa wapi, akalia, akaenda pamoja nao kaburini. Dada wawili, kilio kimoja, majibu mawili.

Katika filamu hakuna anayemwendea Marcus kwa namna hiyo. Walezi wake ni watu wema, lakini wamechanganyikiwa. Mungu hatafutwi, ufufuo hautajwi, na mgeni mmoja aliyechoka kutokana na kipawa anachokiona kuwa laana ndiye anayebaki kumjibu. George mwenyewe alikwisha kumfungua mwanamke aliyempenda jeraha la utotoni kwa njia hiyo hiyo, akampoteza. Anajua kwamba anachokibeba hakiponyi. Anakitoa kwa Marcus kwa sababu mtoto amesimama barazani na hakuna mwingine.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma sura ya 33 na 34 za Pambano Kuu, kitabu cha Ellen G. White. Unaposoma, kumbuka miaka ile miwili, 1860 na 1863.

Maswali ya kujadili:

1. Dada mmoja wa kanisani anasema marehemu mume wake humjia ndotoni na kumpa maelekezo kuhusu shamba, na mara mbili yamekuwa ya kweli. Hajaenda kwa mganga wala hajamwita mtu. Mtamjibu nini, na mtaanzia wapi ili asifunge mlango?

2. Rudini 1 Samweli 28:6. Sauli alitafuta uso wa Bwana, mbingu zikanyamaza. Mfiwa anayesema, "Nimeomba na Mungu hanijibu," yuko katika hali ile ile ya Sauli? Taja tofauti moja kutoka katika maandiko, si kutoka katika mawazo yako.

3. Kanisa lenu hupeleka akina mama wa Dorkas kwa wafiwa siku ya mazishi. Je, hurudi baada ya siku arobaini? Baada ya mwaka? Marcus akija darasani kwenu Sabato ijayo, amevaa kofia na haivui hata wakati wa maombi, nani ataketi karibu naye, na neno lake la kwanza litakuwa lipi?